Kujifunza kwa Duara: Ngoma na Nyimbo za Kiafrika katika Kisiwa cha Kuba

1. Utangulizi

Katika miji ya Havana na Matanzas, kisiwani Kuba, na siku hizi katika miji mingi ya Amerika na Ulaya, watu hukutanika kwa muda wa juma moja au majuma mawili ili kujifunza ngoma na nyimbo ambazo chimbuko lake ni Afrika. Mafunzo hayo hayafanani na mafunzo ya piano, ambapo mwalimu mmoja hukaa na mwanafunzi mmoja mbele ya karatasi ya nota. Hufanyika kwa duara: watatu au wanne hushika ngoma, mmoja hugonga vijiti, mwingine hutikisa buyu la shanga, waliobaki huitikia wimbo, na mwalimu huzunguka katikati yao.

Anayeona warsha ya namna hiyo kwa mara ya kwanza aweza kudhani kwamba kundi ni njia tu ya kupunguza gharama ya mwalimu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sivyo ilivyo. Mdundo wa ngoma hizo haumo mikononi mwa mtu yeyote mmoja. Umo katika kupokezana kwa watu kadhaa, ambao kila mmoja wao ameshika sehemu isiyo na maana kamili ikiwa peke yake. Kundi, basi, ndilo somo lenyewe. Jambo hilo ndilo lililoziwezesha ngoma hizo kupita katika utumwa bila maandishi, na ndilo linalohatarishwa kila zinapofundishwa upesi kwa wageni.

Suala hilo lawahusu wasomaji wa Kongo kwa njia mbili. Kwanza, sehemu kubwa ya watu waliozibeba ngoma hizo hadi Kuba ilitoka katika nchi za mto Kongo wa chini na kaskazini ya Angola. Pili, baadhi ya maneno yanayoimbwa huko mpaka leo yana shina moja na maneno ya Kiswahili, na la kwanza miongoni mwa maneno hayo ni ngoma.

2. Chimbuko la ngoma hizo

Tangu karne ya 16 hadi miaka ya 1860, Waafrika zaidi ya 700,000 walishushwa Kuba wakiwa watumwa. Walio wengi walifika katika karne ya 19, wakati mashamba ya miwa yalipopanuka sana. Utumwa ulifutwa kabisa kisiwani humo mwaka 1886. Maana yake ni kwamba mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwapo bado wazee wengi waliozaliwa Afrika, ambao wajukuu wao waliwasikia kwa masikio yao wenyewe wakiimba na kupiga ngoma.

Katika miji, serikali ya Kihispania iliruhusu Waafrika kuunda vyama kulingana na mataifa yao. Vyama hivyo viliitwa kabildo. Kila kabildo kilikuwa na mfalme wake au malkia wake, kilichanga fedha kwa ajili ya wagonjwa na mazishi, na kilipiga ngoma zake siku za sikukuu. Serikali ilitazamia kwamba watu waliogawanywa hivyo hawangeungana dhidi yake. Lakini vyama hivyohivyo vikawa maghala ya lugha, nyimbo na ngoma. Baadhi yake, kama kile cha Congos Reales katika mji wa Trinidad na kile cha Kunalungo katika mji wa Sagua la Grande, vimejulikana kwa kuhifadhi ngoma za Kikongo muda mrefu baada ya utumwa kwisha.

Wataalamu hugawa urithi huo katika matawi manne makubwa. Tawi la Lukumi lilitokana na Wayoruba, nalo ndilo lenye ngoma za batá, ambazo jina lake lisichanganywe na la ndege. Tawi la Arara lilitoka katika nchi ya Dahomey ya zamani. Tawi la Karabali lilitoka kwenye mpaka wa Nigeria na Kameruni, na ndilo lililozaa chama cha siri cha wanaume kiitwacho Abakua, kilichoanzishwa katika mtaa wa Regla, Havana, mwaka 1836. Tawi la nne ni la Kongo. Hili lina ngoma tatu za yuka, zilizochongwa katika vigogo vyenye uwazi na kuitwa kaha, mula na kachimbo. Lina ngoma za makuta zenye umbo la pipa. Lina kinfuiti, ambayo hailizwi kwa kupigwa bali kwa kusuguliwa ufito uliofungwa ndani yake. Kwenye tawi hilo pia ndiko ilikotokea marimbula, ambayo ni likembe kubwa mfano wa sanduku, na mpigaji hulikalia.

Matawi hayo hayakuishi yakiwa yametengana. Watu walioana, waliishi katika nyua zilezile, wakasikilizana. Rumba, iliyokua katika makao ya maskini ya Havana na Matanzas katika nusu ya pili ya karne ya 19, ni mtoto wa mchanganyiko huo. Ngoma yake kuu, tumbadora, imeundwa kwa mbao zilizounganishwa kama za pipa, na ngoma za makuta hutajwa miongoni mwa wazazi wake. Ndiyo ngoma ambayo dunia nzima imezoea kuiita konga.

3. Klave, sheria ya duara

Siku ya kwanza ya warsha, mara nyingi ngoma haziguswi. Washiriki husimama kwa duara, hutembeza miguu, hupiga makofi na kuimba. Wanachofundishwa ni klave. Neno hilo ni jina la vijiti viwili vya mti mgumu vinavyogonganishwa, na pia ni jina la mfululizo wa mapigo matano ambayo vijiti hivyo hurudia tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho.

Msomaji anaweza kuijaribu klave bila chombo chochote. Na ahesabu kutoka 1 hadi 16 kwa mwendo ulio sawa, kisha arudie bila kusita. Akipiga kofi katika hesabu ya 1, 4, 7, 11 na 13, atapata klave ya muziki uitwao son. Akichelewesha pigo la tatu kwa hatua moja tu, yaani akipiga katika 1, 4, 8, 11 na 13, atapata klave ya rumba. Tofauti ni hatua moja, lakini kwa sikio la Mkuba ni miziki miwili. Katika namna zote mbili nusu ya kwanza ina mapigo matatu na nusu ya pili ina mawili, hata upande mmoja huwa kama unauliza na wa pili kama unajibu.

Nyimbo nyingi za ibada hazihesabiwi kwa 16 bali kwa 12. Hapo kengele ya chuma, au jembe lililotolewa mpini, hugongwa mara saba: katika 1, 3, 5, 6, 8, 10 na 12. Mfululizo huu wa mapigo wajulikana katika sehemu kubwa ya Afrika ya Magharibi na ya Kati, nao ni miongoni mwa ushahidi ulio wazi kabisa wa uhusiano wa pande mbili za bahari. Wazo la chombo kidogo kinachorudia mapigo yasiyobadilika, ili wengine wote wajue walipo, si geni nchini Kongo. Katika nyimbo za gitaa za Katanga za miaka ya 1950, kazi hiyo ilifanywa na chupa tupu iliyogongwa kwa kijiti au kwa kisu.

Klave haiongozi kwa nguvu. Sauti yake ni nyembamba, na anayeigonga haonyeshi ufundi wowote wa kushangiliwa. Hata hivyo kila mwimbaji huanza ubeti wake, na kila mpiga ngoma hupanga mapigo yake, kwa kuitegemea. Aliyeanza upande usio wake husemwa kuwa amekingama na klave, na kosa hilo halisameheki kirahisi, kwa sababu huwapotosha wenzake wote. Mwanafunzi hujifunza mapema kwamba kosa katika duara halimwangukii aliyelitenda peke yake.

4. Mgawanyo wa sehemu

Katika rumba ya namna ya gwagwanko ngoma ni tatu. Ya sauti nene, iitwayo salidori au tumba, huweka msingi. Ya kati hujaza nafasi ambazo ya kwanza imeziacha. Ya sauti nyembamba, iitwayo kinto, ndiyo pekee yenye uhuru wa kubuni: huzungumza na mchezaji na kumjibu mwimbaji. Pembeni yao mtu hugonga fimbo mbili juu ya kipande cha mwanzi au cha gogo. Msikilizaji husikia wimbo mmoja wa ngoma unaopanda na kushuka. Akikaribia ataona kwamba hakuna anayepiga wimbo huo: salidori hupiga noti chache, ngoma ya kati hupiga noti chache, na wimbo hutokea kati yao.

Hali ni hiyohiyo, na kwa ugumu zaidi, katika ngoma za batá. Ngoma hizo ni tatu, kila moja ina ngozi upande huu na huu, nazo hulazwa mapajani. Ndogo huitwa okonkolo, ya kati itotele, na kubwa iya, yaani mama. Mikono sita hupiga ngozi sita. Okonkolo kwa kawaida hushikilia mapigo machache yasiyobadilika. Itotele hujibu. Iya huita, hubadili mwendo, huanzisha mazungumzo na kuyafunga. Mwanafunzi huanza kwa okonkolo, huenda kwa itotele, na huweza kupita miaka mingi kabla ya kukabidhiwa iya, kwa kuwa aliye kwenye iya hana budi kuzijua sehemu za wote.

Utaratibu huo hufafanua jambo ambalo wageni wengi hulalamikia. Mtu aliyesafiri mbali na kulipa karo hutamani kupiga ngoma kubwa siku ya kwanza. Badala yake hupewa mapigo mawili au matatu, na huamriwa ayarudie kwa nusu saa bila kuongeza kitu. Huona kwamba anacheleweshwa. Lakini mapigo hayo machache, yanaposimama imara huku wengine wakibadilika pembeni mwake, ndiyo mtihani. Kuyapiga ukiwa peke yako ni rahisi; kuyapiga huku sikio linavutwa na iya ni kazi. Kidole kimoja hakivunji chawa, na okonkolo iliyoyumba huiangusha iya ya fundi aliye hodari kuliko wote.

Walimu hutumia mdomo kabla ya mkono. Kila pigo lina silabi yake, na mwanafunzi huimba sehemu yake mpaka ulimi uizoee. Ndipo mkono hufuata. Wako walimu wanaompigia mwanafunzi mdundo mabegani, wakiwa wamesimama nyuma yake, ili mwili uupokee mdundo kabla ya akili kuanza kuhesabu. Nota zipo pia, na wataalamu wameandika vitabu vizima vya ngoma hizo. Vitabu hivyo vina faida kwa kumbukumbu na kwa utafiti. Upungufu wake ni kwamba macho yaliyokaza karatasi huiona sehemu moja, na masikio huacha kuwasikiliza wenzi.

5. Wimbo huongoza ngoma

Kuna wanafunzi wanaodhani kwamba wimbo ni pambo la ngoma. Katika ibada ya Kilukumi mambo ni kinyume. Mwimbaji kiongozi, aitwaye akpwon, ndiye anayechagua wimbo. Wapigaji hupaswa kuutambua tangu maneno yake ya kwanza na kubadili mdundo papo hapo. Ndiyo maana fundi wa batá asiyejua nyimbo ni kama dereva mwenye gari zuri asiyejua njia. Kuna mfululizo wa salamu unaopigwa kwa ngoma tupu, unaoanza kwa Elegwa, mwenye njia panda. Lakini hata huo hauwezi kufahamika vema na mtu asiyejua ni nani anayesalimiwa.

Katika rumba kiongozi huanza kwa sauti zisizo na maneno, ambazo huwapa waitikiaji kiwango cha sauti. Sehemu hiyo huitwa diana. Kisha husimulia habari yake kwa beti: mapenzi, siasa, kifo cha rafiki, sifa za mtaa. Mwisho hufungua kiitikio, wote hujibu, na mchezaji huingia uwanjani. Kiitikio hakina watazamaji. Wapiga ngoma huitikia huku wakipiga, na hata asiye na kazi nyingine ana kazi hiyo. Mguu wakanyaga mwendo, mkono wapiga sehemu, sauti yajibu. Mshiriki anapofaulu kufanya matatu hayo kwa pamoja huwa amejifunza kuwasikiliza wengine akiwa kazini, na hakuna njia ya kulijifunza jambo hilo akiwa peke yake chumbani.

Tatizo kubwa la nyimbo ni lugha. Kiyoruba hutofautisha maana kwa kupanda na kushuka kwa sauti. Huko Kuba, katikati ya Kihispania, sehemu kubwa ya tofauti hizo imepotea, na nyimbo zimehifadhiwa kwa sikio. Waumini waliziandika katika madaftari kwa herufi za Kihispania, kila mmoja kama alivyosikia. Kwa hiyo mwimbaji hodari anaweza kujua wimbo unaimbwa kwa ajili ya nani, wakati gani na kwa mdundo upi, bila kuweza kutafsiri kila neno. Mwalimu mwaminifu huwaeleza wanafunzi wake hivyo waziwazi, wala hawabunii tafsiri ili wafurahi.

6. Maneno ya Kibantu na tahadhari ya mtafiti

Hapo ndipo mwanafunzi wa lugha za Kibantu anapopata kazi yake. Katika nyimbo za tawi la Kongo, ambazo waumini wa dini ya Palo huziita mambo, yanasikika maneno ambayo Mswahili hahitaji kamusi kuyatambua. Ngoma ni ngoma. Muana ni mwana. Ngombe ni ng'ombe. Jina lenyewe la nyimbo hizo, mambo, ni la Kikongo, kwa maana ya maneno au habari, nalo lafanana na mambo ya Kiswahili, wingi wa jambo. Neno hilohilo lilitokea mwaka 1938 kama jina la danson iliyotungwa na Orestes López, na baadaye likawa jina la dansi iliyovuma duniani.

Maneno mengine yamebadilika maana. Nganga kwa Kikongo, kama mganga kwa Kiswahili, ni mtu mwenye elimu ya dawa. Huko Kuba nganga imekuwa jina la chungu chenyewe kinachotumiwa katika ibada. Nyumba ya ibada huitwa munanso, neno linalofumbuliwa kwa Kikongo kuwa ni "ndani ya nyumba": mahali na jina vimeshikana, na aliyesema neno hilo mwanzoni alisema sentensi.

Mwandishi Lydia Cabrera, aliyezaliwa mwaka 1899 na kufariki mwaka 1991, aliwasikiliza wazee kwa miaka mingi, akatoa kitabu El Monte mwaka 1954 na orodha ya maneno ya Kikongo ya Kuba mwaka 1984. Orodha hiyo ni hazina, ila yadai kusomwa kwa uangalifu. Kufanana kwa maneno hayo na Kiswahili hakuonyeshi kwamba Kiswahili kilivuka Atlantiki. Kunaonyesha tu kwamba Kiswahili na Kikongo ni ndugu katika jamii ya lugha za Kibantu, na kwamba maneno kama ngoma na mwana yamo katika lugha nyingi za jamii hiyo.

Waswahili husema kwamba mwamba ngoma huivutia kwake. Methali hiyo yawafaa sana wachunguzi wa asili ya maneno. Mfano ni jina rumba. Wengi nchini Kongo hulitoa katika nkumba, yaani kitovu, kwa kukumbuka ngoma iliyochezwa kwa kugusana vitovu. Maelezo hayo yanapendeza, na ni kweli kwamba katika ngoma ya yuka mwanamume na mwanamke hukutana kwa ishara ya namna hiyo, ambayo wengi huiona kuwa mzazi wa ishara ya gwagwanko. Lakini wapo wanaolitoa jina hilo katika neno rumbo la Kihispania, na mjadala haujafungwa. Uhusiano wa ngoma zenyewe una ushahidi wa kutosha. Hauhitaji kuegemezwa juu ya jina moja lisilo na hakika.

7. Kutoka uani hadi warshani

Zamani hapakuwa na warsha. Mtoto alikulia katika ua ambamo rumba ilipigwa, alianza kwa kugonga sanduku au kijiko, na siku moja mzee alimwita akae. Ujuzi ulipitia katika ukoo, ujirani na ibada. Mwanzoni mwa karne ya 20 ngoma za Kiafrika zilisumbuliwa na serikali: zilikatazwa, zilinyang'anywa, na wenyewe walihesabiwa kuwa washenzi. Mtaalamu Fernando Ortiz, ambaye katika maandishi yake ya kwanza alizitazama dini hizo kwa jicho la kesi na jinai, alibadili msimamo. Katika miaka ya 1930 aliwaleta wapiga batá mbele ya wasomi wa Havana, kwa ngoma zisizowekwa wakfu, na kati ya mwaka 1952 na 1955 alichapisha kitabu kikubwa cha majuzuu matano juu ya ala za muziki wa Kiafrika wa Kuba.

Makundi ya mafundi yalijitokeza hadharani. Los Muñequitos de Matanzas walianza mwaka 1952. Mwaka 1962 liliundwa Conjunto Folklórico Nacional, kundi la taifa ambalo wazee wa dini waliingia humo wakiwa walimu na wachezaji. Nje ya kisiwa, Francisco Aguabella na Julito Collazo walifika Marekani katika miaka ya 1950 na kufundisha huko. Mwaka 1980 wimbi la wahamiaji kutoka bandari ya Mariel liliwaleta mafundi wengine, akiwamo Orlando Ríos, aliyejulikana kama Puntilla, ambaye aliwafundisha wengi mjini New York. Kuanzia miaka ya 1980 kundi la taifa la Kuba lenyewe liliandaa mafunzo ya wageni mjini Havana. Hivyo warsha ikawa njia ya kawaida ya kupitisha ujuzi huo.

Mpaka wa yanayofundishwa umewekwa wazi. Batá zilizowekwa wakfu hubeba nguvu iitwayo Anya, na huguswa na wale tu waliokula kiapo, ambao kwa desturi ni wanaume. Warshani hutumiwa ngoma zisizo na wakfu, ziitwazo aberikula. Kwa njia hiyo wanawake wamejifunza na kupiga. Kundi la wanawake liitwalo Obini Batá lilianzishwa Havana mwaka 1993. Siri za Abakua hazifundishwi hata kidogo: mgeni hufundishwa mdundo wa hadharani, basi. Mpaka huo si ubahili wa mafundi. Ndio unaomkumbusha mwanafunzi kwamba kitu hiki kina wenyewe.

Faida ya warsha yaonekana. Mafundi wamepata riziki kwa ujuzi uliowafanya babu zao wafungwe. Nyimbo zilizojulikana na wachache zimeandikwa na kurekodiwa. Hasara nayo yaonekana. Juma mbili haziwezi kuchukua nafasi ya utoto mzima. Mwenye haraka hukusanya midundo kama mtu akusanyaye stempu: hurudi kwao na majina ishirini na hajui wimbo hata mmoja kwa ukamilifu. Mwalimu anayetegemea karo huweza kushawishika kuwapa wanafunzi kile wanachokitaka kabla ya kile wanachokihitaji, na ngoma kubwa hutolewa kwa mlipaji kabla ya ndogo kuiva.

Dalili za warsha njema, basi, zaweza kutajwa. Kila mshiriki huzunguka sehemu zote, hata ile ya vijiti. Hakuna mdundo unaofundishwa bila wimbo wake. Mwalimu hutaja alijifunza kwa nani. Na baada ya mwalimu kuondoka, washiriki huendelea kukutana. Kundi lililokutana kila juma kwa miaka mitatu na kujua nyimbo kumi limekaribia jadi kuliko mtu mmoja mwenye kanda na vitabu vyote.

8. Hitimisho

Kwa kawaida uhusiano wa Kuba na Kongo husimuliwa kwa habari ya santuri. Kuanzia mwaka 1933 santuri za mfululizo wa GV zilieneza muziki wa Kuba katika Afrika, na wanamuziki wa Léopoldville na kwingineko wakaupokea kama kitu chao. Yafaa kukumbuka kwamba uliokuwamo katika santuri hizo kwa sehemu kubwa ulikuwa son, wenye gitaa na tarumbeta, ingawa uliandikwa rumba. Rumba ya nyua za Matanzas haina gitaa: ni ngoma, vijiti na sauti. UNESCO iliiandika rumba ya Kuba katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2016, na rumba ya Kongo mwaka 2021. Ni ndugu wawili wenye jina moja, na kila mmoja ana malezi yake.

Lakini habari ya warsha yaongeza jambo ambalo habari ya santuri hailisemi. Santuri husafirisha sauti. Haisafirishi namna ya kugawana kazi. Waliotoka Loango na kaskazini ya Angola hawakuwa na kanda wala kitabu. Walichobeba kilikuwa ujuzi uliogawanyika kati yao, ambao haukuweza kusikika mpaka watatu au wanne wakutane tena. Utumwa uliwatenganisha, na kila walipopata nafasi waliketi, mmoja akashika hiki na mwingine kile.

Funzo hilo lawafaa pia wanaokusanya ngoma za Katanga, za Kivu au za Kasai. Kumrekodi mpigaji mmoja hodari ni rahisi na hugharimu kidogo, na mara nyingi ndivyo ifanywavyo. Kanda ya namna hiyo hutunza sehemu moja ya mazungumzo. Mtafiti anayetaka kutunza ngoma yenyewe hana budi kuwaita wote: mwenye ngoma kubwa, mwenye ndogo, agongaye chupa au kengele, na wale wanaoitikia, ambao kwa kawaida hakuna anayeandika majina yao.